Harufu ya Nani? Tahakiki ya Istilahi za Kunusa katika Ugonjwa wa Saratani

Istilahi za tiba ni nyingi, na sehemu kubwa ya hizo hujadiliwa na wataalamu peke yao kabla ya kumfikia mwananchi. Lakini zipo chache ambazo mgonjwa hukutana nazo siku ya kwanza ya matibabu, akiwa ameketi mbele ya daktari au muuguzi, na ambazo yambidi azielewe papo hapo. Istilahi za namna hiyo zikiwa na kasoro, hasara haiishii katika kurasa za kamusi. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kikundi kimoja cha istilahi hizo, yaani zile zinazotaja mabadiliko yanayompata mgonjwa wa saratani katika uwezo wake wa kunusa.

Maelezo ya afya yanayotafsiriwa kutoka Kiingereza hutumia mafungu ya maneno kama "mabadiliko ya harufu", "kupoteza harufu" na "hisia ya harufu". Mafungu haya yalipata nguvu mpya mwaka 2020, wakati ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowafanya watu wa nchi nyingi wazungumzie pua zao kuliko walivyopata kufanya hapo awali. Tangu hapo yamezoeleka, na mazoea ni mlinzi mkali wa makosa. Kwa maoni yetu mafungu yote matatu yana kasoro, na kasoro hiyo huleta madhara makubwa zaidi inapoingia katika habari za saratani.

Chanzo cha kasoro

Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili: kile kitokacho katika kitu na kuifikia pua, na uwezo wa pua wa kukipokea. Mwenye lugha hiyo hutambua maana kwa muktadha. Mfasiri akilikuta neno hilo, hulitafutia neno moja la Kiswahili, akapata "harufu", akaridhika. Hapo ndipo anapokosea. Katika Kiswahili harufu ni mali ya kitu kinachonuswa. Ua lina harufu, samaki ana harufu, moshi una harufu. Tukisema kwamba pua ya mtu ina harufu, hatujamsifu kwa kunusa vizuri, tumemtukana.

Kwa hakika lugha yetu imeligawa jambo hili kwa uangalifu kuliko lugha tunayoitafsiri. Kuna kunuka, yaani kutoa harufu mbaya. Kuna kunukia, yaani kutoa harufu nzuri. Kuna kunusa, yaani kuvuta hewa puani ili kutambua harufu. Tena kuna kusikia harufu, yaani harufu kumfikia mtu na yeye akaitambua hata kama hakuitafuta. Vitenzi vitatu vya kwanza ni vya ukoo mmoja, lakini hakuna mtoto aliyekulia katika Kiswahili anayevichanganya. Anayenuka huambiwa akaoge, anayenukia huulizwa amejitia uturi gani, na anayenusa huulizwa amesikia nini. Aidha yapo majina ya harufu zenyewe: shombo ya samaki, kikwapa cha mwili wenye jasho, uvundo wa kitu kilichooza, riha ya asumini na udi. Lugha yenye utajiri huu haina sababu ya kuazima utata wa lugha nyingine.

Sasa tumchukue mama mwenye saratani ya matiti anayekaribia kuanza tibakemikali. Anaambiwa: "Utapata mabadiliko ya harufu." Kwa Kiswahili alichokinyonya kwa mamaye, maneno hayo yana maana moja iliyo wazi, kwamba harufu yake yeye itabadilika, yaani, atanuka. Wala hofu hiyo haitoki hewani. Baadhi ya saratani, hasa za matiti, za shingo ya kizazi na za kichwa na shingo, zikichelewa kutibiwa huweza kutoboa ngozi au utando na kufanya kidonda chenye harufu kali. Aliyepata kumwuguza jamaa wa namna hiyo hasahau. Mtu anayeamini kwamba dawa zitamfanya anuke mbele ya watoto wake na majirani zake aweza kuona ni afadhali abaki nyumbani. Hatudai kwamba wanaokatisha matibabu hukatisha kwa sababu ya istilahi; umbali, nauli na gharama ni mambo yanayojulikana. Tunalodai ni kwamba istilahi isizidishe mzigo huo.

Jambo lenyewe lilivyo

Haiwezekani kuhakiki istilahi bila kujua kinachotajwa nayo. Juu kabisa ndani ya pua kuna utando mdogo wenye seli za kunusa. Seli hizo zina vipokezi vya aina nyingi, na binadamu ana aina zipatazo 400. Linda Buck na Richard Axel wa Marekani ndio walioeleza jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, na mwaka 2004 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kutoka katika utando huo nyuzi za neva ya kunusa hupenya vitundu vya mfupa mwembamba na kuingia ubongoni.

Saratani na matibabu yake huweza kuidhuru njia hii mahali mbalimbali. Dawa za tibakemikali hushambulia seli zinazogawanyika kwa haraka. Na kwa kuwa seli za kunusa hufa na kuzaliwa upya, nazo huathiriwa, kama zinavyoathiriwa seli za nywele na za utumbo. Mionzi inayoelekezwa kichwani au shingoni huweza kuuchoma utando wenyewe. Uvimbe unaoota chini ya sehemu ya mbele ya ubongo, ambao mara nyingi si saratani, huweza kuikandamiza neva ya kunusa hata mtu asisikie harufu kwa tundu moja la pua, naye asijue. Tena ipo saratani isiyo ya kawaida inayoanzia katika utando wa kunusa penyewe, ambayo ilielezwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 1924. Kwa wagonjwa wengi wa tibakemikali mabadiliko haya hupungua baada ya majuma au miezi kadhaa tangu matibabu kwisha, ingawa kwa wengine hudumu.

Katika habari hizi zote kilichobadilika ni kunusa kwa mgonjwa. Harufu za dunia zimebaki vile vile, na harufu ya mgonjwa mwenyewe haikutajwa. Hivyo basi istilahi yoyote itakayojengwa juu ya nomino "harufu" badala ya kitenzi "kunusa" itakuwa imejengwa juu ya msingi usio wake.

Hisi, hisia na ladha

Fungu "hisia ya harufu" lina kosa la pili. Hisia, katika matumizi yaliyo imara, ni yale yanayomgusa mtu moyoni: furaha, huzuni, hasira, mapenzi. Uwezo wa kupokea habari kwa jicho, sikio, ulimi, ngozi na pua ni hisi. Wazee wetu waliuita mlango wa fahamu, na vitabu vya shule viliendelea kutaja milango mitano ya fahamu. Mgonjwa akiambiwa kwamba atapoteza hisia, aweza kudhani kwamba atakuwa mtu asiyejali. "Hisi ya kunusa" ni fungu fupi, sahihi na lililo tayari. Haliongezi hata silabi moja, kwa hiyo hakuna udhuru wa kuliacha.

Jambo la ladha nalo linahusiana na hili. Ulimi peke yake hutambua mambo machache: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ile ladha ya mchuzi wa nyama uliokolea. Mengine yote tunayoyaita ladha ya chakula huifikia pua kwa njia ya nyuma ya koo, tunapotafuna na kumeza. Kwa sababu hiyo mgonjwa aliyepungukiwa na kunusa mara nyingi hulalamika kwa maneno haya: "Chakula hakina ladha." Tazama jinsi sentensi hii inavyohamisha ugonjwa kutoka katika mwili wa mlaji na kuutia katika chungu cha mpishi. Mke au binti aliyeamka alfajiri kupika uji huona amelaumiwa. Hubadilisha viungo, huongeza chumvi, na mwisho huchoka. Laiti mgonjwa angefundishwa kusema, "Sisikii ladha," lawama ingeondoka jikoni. Wengine husema kwamba chakula kina ladha ya chuma. Hapo pia yafaa kusema, "Nasikia ladha ya chuma," maana chuma hakimo sahanini.

Tunasisitiza kitenzi "kusikia" kwa makusudi. Wapo wanaokiona kuwa cha mitaani, kwa hoja kwamba kusikia ni kazi ya sikio. Hoja hiyo haina nguvu. Mswahili husikia njaa, husikia baridi, husikia maumivu, husikia utamu na husikia harufu. Haya ni matumizi ya lugha yenyewe, yaliyoenea pwani na bara, na daktari anayeyakwepa hujinyima njia iliyo nyepesi kuliko zote ya kumwuliza mgonjwa hali yake.

Istilahi moja moja

Wataalamu wa tiba hutofautisha hali kadhaa za kunusa kulikobadilika, nao huzitaja kwa majina yenye asili ya Kigiriki: anosmia, hiposmia, haiperosmia, parosmia na fantosmia. Tutazitazama kwa zamu.

Anosmia ni hali ya kutosikia harufu kabisa. Mtu aweza kuvutwa na fungu "upofu wa pua", kwa kuwa lina picha. Sisi hatulipendelei. Upofu ni wa macho, na kuuhamishia puani ni kueleza kilema kimoja kwa kilema kingine, jambo lisilomstahi yeyote kati ya wawili hao. Kiswahili kina njia ya kawaida ya kukanusha kitenzi-jina, nayo yatosha: kutonusa.

Hiposmia ni kunusa kulikopungua. "Unusaji hafifu" hueleza jambo hilo bila utata. Kinyume chake, haiperosmia, ni kusikia harufu kupita kiasi. Nayo ni hali inayolalamikiwa na baadhi ya wagonjwa wa tibakemikali, ambao harufu ya vitunguu vinavyokaangwa au ya sabuni huwatia kichefuchefu. Hapa "unusaji mkali" unafaa. Muuguzi anayejua tofauti ya hizi mbili hatampa kila mgonjwa shauri moja. Mwenye unusaji hafifu hufaidika na chakula chenye viungo na ndimu. Mwenye unusaji mkali huona nafuu akila chakula kilichopoa, kisichotoa mvuke, mbali na jiko.

Parosmia ni hali ya harufu iliyopo kusikika kinyume cha ilivyo, mara nyingi kwa ubaya. Kahawa husikika kama kitu kilichooza, na sabuni kama moshi. Hapa mfasiri huweza kuandika "unusaji potofu", nasi twaona neno hilo halifai. Upotofu katika Kiswahili una hukumu ndani yake: tunasema mawazo potofu, mafundisho potofu, mwenendo potofu. Mgonjwa hakupotoka. Tunapendekeza "unusaji geu", kwa kuwa -geu hutaja kubadilika bila kumtia mtu hatiani. Lakini hata istilahi hiyo si ya lazima katika mazungumzo, kwa sababu lugha ina maelezo yaliyokamilika kwa vitenzi viwili tu: kilichokuwa kikinukia sasa chanuka. Hatujui kama kuna maelezo mafupi kuliko hayo katika kitabu chochote cha tiba.

Fantosmia ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayodai uangalifu mkubwa zaidi. Ni kusikia harufu isiyokuwapo kabisa. Maneno yanayokuja kwanza ni "njozi" na "maluweluwe". Njozi ni ya aliyelala au ya mwenye kuonyeshwa mambo ya ghaibu. Maluweluwe ni ya mwenye homa kali au aliyerukwa na akili. Mtu anayesikia harufu isiyokuwapo aweza kuwa macho, mwenye akili timamu, anayehesabu fedha zake bila kukosea. Akiitwa mwenye njozi, jamaa zake watamtafutia mganga wa pepo. Na katika nchi ambazo ubani na udi huhusishwa na majini, harufu isiyo na chanzo haikosi kutafsiriwa hivyo.

Hili si jambo la mzaha, kwa maana harufu ya namna hii huweza kuwa dalili ya uvimbe wa ubongo. Mwaka 1889 madaktari wa London, John Hughlings Jackson na Charles Beevor, walichapisha habari za mgonjwa aliyepatwa na vifafa vilivyofuatana na harufu mbaya isiyokuwapo. Uvimbe ulikutwa katika sehemu ya ubongo iliyo upande wa panja la kulia. Miaka mingi baadaye, mwaka 1937, mtunzi wa muziki wa Marekani George Gershwin alilalamika kwamba alisikia harufu ya mpira unaoungua. Kwa muda malalamiko yake yalidhaniwa kuwa yatokana na msongo wa akili. Alifariki tarehe 11 Julai mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 38, baada ya kupasuliwa uvimbe wa ubongo. Ikiwa katika jiji lenye madaktari wengi harufu ya namna hiyo ilipuuzwa, kwetu nasi yapasa jina lake lisaidie kutoipuuza.

Tunapendekeza "unusaji mazigazi". Mazigazi ni yale maji yanayoonekana mbali jangwani au barabarani wakati wa jua kali, kumbe hayapo. Anayeyaona si mwendawazimu wala hakupagawa. Macho yake yamepokea kitu na kukiona vingine. Neno hili lina heshima, linafahamika kwa wasomaji wa Kiswahili, na linataja udanganyifu wa hisi bila kugusa akili ya mtu. Hata hivyo twakiri kwamba mfano huo haulingani kwa kila upande, kwa kuwa mazigazi husababishwa na mwanga ulio nje ya mtu, hali harufu hii huzuka ndani. Hata hivyo istilahi haidaiwi kuwa maelezo kamili, inadaiwa isipotoshe.

Harufu inapokuwa harufu kweli

Haitoshi kukataza neno "harufu" bila kueleza mahali pake. Ipo harufu ya kidonda cha saratani, ambayo ni harufu kwa maana yake halisi. Hutokana zaidi na vijidudu visivyohitaji hewa vinavyoishi katika nyama iliyokufa, na ndiyo maana dawa ya metronidazo, ikitumiwa kwa shauri la daktari, huweza kuipunguza sana. Hapa tunapendekeza iandikwe "harufu ya kidonda", wala si "harufu ya mgonjwa" au "uvundo". Mwenye kunuka ni kidonda, na kidonda kina dawa.

Tena ipo harufu ambayo binadamu haisikii, lakini wanyama huisikia. Mwaka 1989 jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha habari za mbwa aliyekuwa akimnusa bibi yake doa moja la ngozi bila kuacha, doa ambalo lilikutwa kuwa saratani. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba mbwa waliofundishwa walitambua mkojo wa wenye saratani ya kibofu mara 22 katika majaribio 54, yaani asilimia 41, ambapo kwa kubahatisha wangepata asilimia 14. Huko Morogoro panya buku hufundishwa kunusa makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Katika habari zote hizi fungu "harufu ya saratani" ni sahihi. Lakini msomaji ataona hatari iliyopo: kijitabu kimoja kikitumia "harufu na saratani" kwa kunusa kwa mgonjwa, kwa kidonda chake, na kwa kile anachokinusa mbwa, mambo matatu yatakuwa yamefungwa katika kitambaa kimoja.

Kuhusu kukopa

Huenda ikasemwa kwamba majina ya Kigiriki yanatosha, kwa kuwa tayari yana irabu mwishoni na hutamkika vizuri. Hatupingi kukopa. Neno "saratani" lenyewe tumelipata kwa Waarabu, kwao ni kaa wa baharini, kama vile Wagiriki wa kale walivyouita ugonjwa huo kwa jina la kaa. Na leo ni neno letu. Lakini saratani ni jina la kitu ambacho mgonjwa hukitaja kwa jina. Anosmia na wenzake ni majina ya hali ambazo mgonjwa lazima azieleze mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuzisikia kwa niaba yake. Daktari aweza kuandika "parosmia" katika jalada. Hawezi kumwuliza mama kama ana parosmia akatarajia jibu. Maneno ya mkopo na yabaki katika maandishi ya wataalamu kwa wataalamu, yakiandikwa kwa tahajia yetu, na istilahi za Kiswahili zitumike kila mahali mgonjwa alipo.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunatoa mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe:

1. Fungu "mabadiliko ya harufu" liachwe katika maelezo ya wagonjwa, na badala yake iandikwe "mabadiliko ya kunusa".
2. "Kupoteza harufu" na "hisia ya harufu" ziachwe. Zitumike "kupoteza uwezo wa kunusa" na "hisi ya kunusa".
3. Zifikiriwe istilahi hizi: kutonusa, unusaji hafifu, unusaji mkali, unusaji geu, na unusaji mazigazi.
4. "Harufu ya kidonda" itumike kwa harufu itokayo katika jeraha la saratani.
5. Maelezo ya afya yatoe pia maswali ya kumwuliza mgonjwa kwa lugha anayoizungumza, kwa mfano: "Mama, wasikia harufu ya chakula kinapopikwa? Kipo kitu kilichokuwa kikinukia na sasa chanuka? Wasikia harufu ambayo wenzako nyumbani hawaisikii?"

Swali la tatu katika hayo ndilo tunaloliona kuwa na uzito zaidi, kwa kuwa jibu la ndiyo hudai mgonjwa apelekwe kwa daktari bila kukawia.

Tunawaalika wauguzi, madaktari, wafasiri na watangazaji walipime pendekezo la kila istilahi katika kazi zao, na kutuandikia walichokisikia kutoka kwa wagonjwa wenyewe. Istilahi itakayokataliwa vinywani mwao hatutaitetea. Lakini yule mama anayekwenda kuanza matibabu asiambiwe tena kwamba harufu yake itabadilika, ilhali kilichokusudiwa ni kwamba kwa muda fulani huenda asiusikie mchuzi wa nazi jinsi ulivyo.